TAA ZA NYUMBA MPYA: TUANZIE JIKONI, SI SEBULENI

Katika njia itokayo Tukuyu kushuka Kyela, na vile vile kuelekea Ipinda, Ngonga na Matema, nyumba mpya zinazidi kila mwaka. Fedha ya kakao au ya mpunga ikipatikana, mtu huchoma matofali, hununua bati, humwita fundi, na baada ya miezi, au hata miaka, nyumba husimama. Ni jambo la kusifiwa. Lakini mara nyingi fedha humwishia mwenye nyumba mahali pamoja, napo ni penye taa. Ukuta umekwisha, lipu imekwisha, rangi imekwisha, na yeye mwenyewe amechoka. Basi huenda dukani jioni moja akanunua taa kubwa ya vioo vya kuning'inia kwa ajili ya sebule, na kwa vyumba vingine huchukua balbu zo zote za bei ya chini. Jikoni huahirishwa. "Tutaweka baadaye," husema. Baadaye hiyo huchukua miaka, na mama huendelea kupika kwa koroboi, hatua chache tu kutoka sebule inayong'aa.

Makala hii ni kwa ajili ya watu wa nyumba hizo. Kuchagua taa si kazi ya mapambo tu. Ni kazi ya kupanga maisha ya jamaa: nani atafanya kazi gani, mahali gani, saa ngapi, na kwa usalama gani.

ZAMANI NA SASA

Wanyakyusa hawakuanza jana kupenda nyumba nzuri. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskochi, alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliwasifu wenyeji kwa nyumba zao nadhifu na viwanja vyao safi chini ya migomba. Nuru ya nyumba zile usiku ilikuwa moto wa kuni. Katika mwaka ule ule wa 1879, huko Marekani, Thomas Edison alikuwa akiijaribu balbu yake ya umeme. Ilichukua muda mrefu sana nuru hiyo kufika pwani ya Nyasa.

Kati ya moto wa kuni na balbu zilipita taa nyingine: koroboi, fanusi, taa ya chemni, na karabai kwa wenye uwezo. Wavuvi wa usipa nao walijua kazi ya taa. Usiku wa giza waliiwasha juu ya maji, dagaa wakaifuata nuru, nao wakazungushiwa wavu. Siku hizi wavuvi wengi wameacha karabai wakashika taa za betri.

Mwaka 2005 nchi ilipata sheria ya nishati vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimeingia vijiji vingi ambavyo zamani havikutarajia kuziona. Na mahali ambapo waya uko mbali, watu wengi wamepanda paneli za jua juu ya bati. Kwa hiyo swali la leo kwa mwenye nyumba mpya si "nitapata wapi nuru?" bali ni "nuru hii niiweke wapi?"

KWA NINI JIKONI KWANZA?

Hebu tuhesabu saa. Wageni hukaa sebuleni labda mara mbili kwa juma, tena kwa saa moja au mbili. Lakini jikoni watu hufanya kazi kila siku kabla ya mapambazuko na baada ya jua kuchwa. Hapo pana kisu, pana maji ya moto, pana mafuta ya mawese yanayochemka, na pana watoto wadogo wanaotambaa. Mchele hauchaguliwi mawe gizani. Samaki hasafishwi vizuri gizani. Na kwa kuwa nchi yetu ni ya joto na migomba imetuzunguka, nyoka aliyeingia jikoni haonekani kwa mwanga wa makaa.

Koroboi yenyewe ni adui wa nyumba. Haina kioo, utambi wake u wazi, na ikipinduka mafuta humwagika pamoja na moto. Moshi wake huingia machoni na kifuani. Tena mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli huweza kulipuka. Kwa jambo hili hakuna "tutaweka baadaye".

Yafaa mume na mke waketi pamoja kabla ya fundi kuja. Mke akisema, "Baba watoto, mimi taa yangu naitaka juu ya meza ya kukatia mboga, siyo katikati ya chumba," asikilizwe. Anasema jambo la kweli. Taa ikiwa katikati, naye anafanya kazi akielekea ukutani, kivuli chake mwenyewe huanguka juu ya kisu. Fundi hajui hayo, kwa maana yeye hapiki katika jiko lile.

Jiko likiwa nje, kama ilivyo desturi kwa wengi, nalo lipewe waya wake. Taa yake iwe ndani ya kombe lililofungwa, kwa sababu moshi wa kuni huipaka masizi. Ipanguswe kila juma ikiwa imezimwa na imepoa. Taa yenye masizi hula umeme ule ule na kutoa nuru haba.

KILA CHUMBA NA TAA YAKE

Zamani watu walizoea kuuliza, "Hii ni ya wati ngapi?" Wati huonyesha umeme unaoliwa, si nuru inayotoka. Nuru hupimwa kwa lumeni, na hesabu yake huandikwa kwenye boksi. Balbu ya zamani ya uzi wa moto, ya wati 60, hutoa lumeni 700 hivi. Taa ya LED ya wati 8 au 9 hutoa nuru kama hiyo, au kuizidi kidogo. Sehemu kubwa ya umeme wa balbu ya zamani huishia kuwa joto, na sisi watu wa Kyela joto tunalo la kutosha.

Taa hizi za LED za nuru nyeupe ziliwezekana baada ya wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kufaulu kutengeneza LED ya buluu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Rangi ya nuru nayo ina maana. Boksi likiandikwa 2700K au 3000K, nuru ni ya manjano kama ya moto. Likiandikwa 4000K, ni nyeupe ya kawaida. Likiandikwa 6500K, ni nyeupe yenye ubuluu kama ya mchana. Basi tugawe hivi:

Jikoni: nuru nyeupe, taa ya wati 9 hadi 12, karibu na mahali pa kazi.

Mahali pa watoto kusomea: taa ya wati 7 hadi 9 karibu na meza, iliyofunikwa isiwapige machoni. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia awekewe taa upande wa kushoto, kivuli kisianguke juu ya daftari. Wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Mzazi anayelipa ada ya shule asione uchungu kununua taa moja ya meza.

Vyumba vya kulala: nuru ya manjano, wati 5 hadi 7. Swichi iwe karibu na mlango, na kama fedha yaruhusu, ya pili iwe karibu na kitanda. Mgonjwa, mzee, au mama mwenye mtoto mchanga asilazimike kupapasa gizani.

Sebule: kwa chumba cha hatua nne kwa nne, taa mbili za wati 9 hadi 12 zatosha. Taa ya vioo si dhambi, lakini inunuliwe mwisho, baada ya vyumba vyote kupata. Kumbuka kwamba kila kioo chake kitataka kufutwa vumbi na wadudu, na anayefuta si yule aliyeinunua.

Bafu na choo: taa iliyofungwa isiyoingiza mvuke wala matone ya maji. Swichi yake iwe nje ya mlango, ili mtu mwenye mikono iliyolowa asiishike.

Rangi ya ukuta pia ni sehemu ya taa. Dari nyeupe na kuta za rangi nyepesi hurudisha nuru chumbani, bali kuta za rangi nzito huimeza. Mtu anaweza kuokoa taa moja kwa ndoo moja ya rangi nyeupe.

WADUDU WA ZIWANI

Mtu wa Iringa au wa Dodoma hana taabu hii, lakini sisi tunaijua. Kuna siku wadudu wadogo hupanda kutoka ziwani kama nguzo za moshi mweusi, upepo ukawaleta pwani. Usiku huifuata taa, wakajaa barazani, ukutani, na hata katika chakula. Wenzetu wa ng'ambo ya Songwe, huko Malawi, huwakusanya na kuwafanya mikate ya kuliwa. Lakini hata anayewapenda kwa chakula hapendi kuwakuta kitandani.

Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na nuru yenye ubuluu kuliko nuru ya manjano. Kwa hiyo taa ya barazani isiwe ya 6500K. Iwe ya manjano, tena ya wati chache. Pili, isitundikwe juu ya mlango kabisa. Itundikwe kando, hatua mbili au tatu, ili wadudu wakusanyike huko, si pale mlango unapofunguliwa. Tatu, kombe lake lifungwe vizuri. Kombe lililo wazi kwa juu hujaa wadudu waliokufa, nuru ikafifia.

Jambo moja lieleweke. Mbu wa malaria hufuata zaidi harufu na pumzi ya mtu kuliko taa. Taa ya manjano si badala ya chandarua, wala si badala ya wavu wa dirishani.

TAA YA UA NA HESHIMA YA NYUMBA

Mahali pa kutoka nyumbani kwenda jikoni, chooni na kisimani pawe na nuru. Hapo ndipo watu hujikwaa, na hapo ndipo wanawake na watoto huogopa kupita usiku. Taa moja ya wati 5 yatosha.

Kuna na sababu nyingine ya kwetu. Desturi ya Wanyakyusa tangu zamani ni kwamba mke wa mwana humwepuka baba mkwe kwa heshima. Monica Wilson, aliyekaa katika nchi hii miaka ya 1930 akichunguza mila, aliieleza desturi hiyo katika vitabu vyake. Siku hizi nyumba nyingine zimeilegeza, nyingine zinaishika. Mahali inaposhikwa, ua wenye nuru na mlango wa jikoni wenye taa yake humpa kila mmoja nafasi ya kumwona mwenzake kwa mbali na kupisha. Anayepanga taa afikirie watu watakaokaa katika nyumba ile, pamoja na desturi zao.

MVUA, KUTU NA MAFURIKO

Kyela hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo hula chuma. Holda na vishikio vya chuma chembamba, hata vikipakwa rangi ya dhahabu dukani, huota kutu upesi. Afadhali plastiki nzuri, alumini au kauri. Kwa taa za nje tazama alama ya IP. Taa yenye IP65 haiingizi vumbi wala maji ya kurushiwa. Ya barazani, ikiwa chini ya paa, yaweza kuwa IP44.

Joto la bati nalo lina hasara. Taa za kuzamishwa darini, kama nafasi ya juu yake haina hewa, hupata joto jingi na kufa kabla ya siku zake. LED hudumu sana mahali penye hewa. Ukitaka za kuzamisha, fundi aache nafasi juu yake wala asizifunike.

Tena mito yetu, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, hushuka kwa nguvu kutoka milimani, na wakati wa masika maji huingia mashambani na majumbani katika sehemu za chini. Anayejenga huko awaulize wazee: "Baba zetu, maji yalipojaa sana yalifika wapi?" Halafu soketi zote ziwekwe juu ya alama hiyo, na waya zishuke kutoka juu, zisipite sakafuni. Maji yakianza kuja, swichi kuu izimwe mapema, mtu akiwa bado amesimama mahali pakavu. Yakishaingia, asiiguse. Na yakiisha kupungua, umeme usiwashwe kabla fundi hajapima.

FUNDI NA WAYA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya umeme ufa wenyewe ni waya mbaya uliofichwa ndani ya ukuta. Mabomba ya waya yawekwe kabla ya lipu. Anayekumbuka taa baada ya lipu hulipa mara mbili, kwa kubomoa na kwa kuziba.

Fundi awe na leseni ya EWURA. Muulize leseni bila haya, kwa kuwa fundi wa kweli haoni vibaya kuionyesha. TANESCO nao hutaka mchoro wa mkandarasi mwenye leseni kabla ya kuunga umeme. Kwa taa hutumika waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, na kwa soketi wa 2.5. Nunueni pamoja, mpewe risiti, na mhesabu vitu vilivyoingia nyumbani. Tazameni alama ya TBS.

Mambo manne yasikosekane. La kwanza, swichi ya taa ikate waya wa moto, si ule mwingine. Swichi ikikata waya usio wake, taa huzimika lakini holda hubaki na umeme, na anayebadilisha balbu hupigwa. La pili, waya wa ardhi ufungwe kweli kweli hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. La tatu, kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ile iliyoandikwa 30mA, kwa maana ndiyo iokoayo uhai wa mtu. La nne, taa zisiwe zote kwenye njia moja ya umeme. Ziwe mbili, ili moja ikikata nyumba isiwe giza tupu.

Holda ziwe za aina moja nyumba nzima. Ziko za pini mbili za kusokomeza, na ziko za kuzungusha kama skrubu. Ukichanganya, siku balbu ikiungua usiku, akiba uliyo nayo haitaingia.

Umeme wa mwisho wa njia mara nyingine hupungua nguvu. Basi nunua taa ambazo boksi lake limeandikwa kwamba zafanya kazi toka volti 100 hadi 240, au 85 hadi 265. Na kwa usiku wa umeme kukatika, ziko balbu zenye betri ndani yake. Moja jikoni na moja ukumbini zitawazuia watoto kukimbilia koroboi.

HESABU YA FEDHA

Rahisi ni ghali, wazee walisema. Tuone kwa hesabu. Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Tuseme nyumba ina taa 8, nazo huwaka saa 5 kila usiku.

Balbu za zamani za wati 60: taa 8 ni wati 480. Kwa saa 5 ni yuniti 2.4, na kwa siku 30 ni yuniti 72.

Taa za LED za wati 9: taa 8 ni wati 72. Kwa saa 5 ni yuniti 0.36, na kwa siku 30 ni yuniti 10.8.

Tofauti ni yuniti 61 na zaidi kila mwezi. Katika bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyepita yuniti 75 kwa mwezi alikuwa na bei ya chini kuliko wengine. Nyumba ya balbu za zamani humaliza karibu zote kwa taa peke yake, ikakosa nafasi ya redio, pasi au friji. Nyumba ya LED hubaki na nafasi tele. Na mwenye paneli za jua atafaidi zaidi, kwa sababu siku za mawingu ya masika betri haijai, na taa ndogo ndizo zitakazofika alfajiri.

Taa za tyubu na zile balbu zilizosokotwa zina zebaki ndani, ambayo ni sumu. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kukamilisha mpango wa kuziacha zote ifikapo 2027, na zilizosokotwa zilitangulia katika maamuzi ya mwaka 2022. Kwa nyumba mpya hakuna sababu ya kuzianza. Kama unazo za zamani na moja ikavunjika, fungua madirisha, ondoa watoto, usifagie kwa ufagio. Okota vipande kwa karatasi ngumu, uvifunge vizuri katika chombo chenye kifuniko.

NENO LA KUFANYA

Chukueni karatasi leo, mchore nyumba yenu, vyumba vyote pamoja na jiko la nje na njia ya choo. Mume ashike kalamu, na kila mtu aseme mahali anapofanya kazi usiku: mama, watoto wa shule, bibi mzee. Kila mahali panapotajwa pawekwe alama. Hesabuni alama, halafu ndipo mhesabu fedha. Zikipungua, ondoeni kwanza mapambo ya sebule, na ya mwisho kabisa kuondolewa iwe taa ya jikoni. Mgeni atakaa siku mbili akisifu nyumba yenu hata kwa taa moja ya kawaida. Lakini mama atapika kila siku kwa miaka thelathini, na mtoto ana miaka michache tu ya kusoma kabla ya mtihani wake.